Siku moja kwenye mitaro ya Tandale, masika imeshika

Saa 11 alfajiri. Simu ya mjumbe: "Injinia, maji yameingia barazani huku!" Mimi ni fundi sanifu tu, lakini ukionekana mtaani na buti na kizibao, ushakuwa injinia.

Saa 1 asubuhi. Mto Ng'ombe wenyewe hauna neno. Umejengewa kingo za zege kwa mradi wa DMDP, ule wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2015, na maji ya usiku yamepita. Kilichogoma ni mtaro mdogo unaomwaga humo. Nachomeka fimbo ya kupimia: kina cha mtaro mita 1.2, mchanga sentimita 70. Mchanga ukifika nusu ya mtaro, maji yanayopita ni pungufu ya nusu, kwa sababu sehemu kubwa yake yanajikwaruza sakafuni na kutani, hivyo yanakwenda polepole.

Saa 3. Vijana wanatoa pampasi, vifuu, godoro zima. Kila mtu analaumu taka, na ana haki. Mimi nalaumu mchanga kwanza. Unashuka na mvua kutoka barabara za udongo huko juu, unatua pale mtaro unapopoteza mteremko. Ukitolewa unarundikwa kandoni, mvua ya jioni inaurudisha ulikotoka. Kwangu lori huja kabla ya koleo.

Saa 5. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Leo tutalala?" Kajenga kizingiti cha matofali mlangoni, kitanda kakiinua juu ya matofali pia. Anachoogopa zaidi si maji, ni jirani anayesubiri mvua ili afungulie choo. Hapo sina jibu la kiufundi. Nimempigia mtendaji wa mtaa.

Saa 7 mchana. Wali maharage, nimekula nimesimama.

Saa 8. Kikao cha bajeti. Kila kata inataka mtaro mpya, na maombi yanahesabiwa kwa kilomita. Nikaomba fungu la kuzoa mchanga kila mwaka kabla ya Machi, nikajibiwa "tutaliangalia". Kuzoa mchanga hakukatiwi utepe. Ningepewa kuchagua, ningeacha kilomita moja ya zege nipate kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, na lori vya uhakika.

Saa 10 jioni. Leo ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, na inajaa muda huu. Mto Ng'ombe unaingia Msimbazi, Msimbazi unamwaga baharini pale Daraja la Selander. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, mto unakosa pa kumwaga, na Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, ndiyo inayoumia. Wingu limetanda upande wa Pugu, unakoanzia Msimbazi. Nawatumia wajumbe wa mabondeni ujumbe: vitu vyenu vipandisheni juu sasa.

Saa 1 usiku. Barua ya kuomba kijiko nimeiandika na picha ya fimbo nimeiambatanisha. Kisipokuja kesho, vijana wanaanza na koleo saa 12 asubuhi, na lori nitaliazima kwa mkandarasi wa barabara ya jirani.