Pole ya Bibi wa Mlangoni

Leo ni siku ya tano tangu nipewe pole ambayo haikuwa haki yangu, na bado naisikia kila ninapopita pale mlangoni. Wiki hii Da Zuhura amejifungua salama mtoto wa kike, baridi ya huku Voronezh, Urusi, ninakosoma, imeshuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, na mtihani wa anatomia ulionikosesha usingizi tangu Septemba umekwisha kwa alama 4 kati ya 5. Lakini kilichonikalisha kuandika ni silabi moja tu.

Jumatatu alasiri nilirudi hosteli nikiwa na zachyotka, kile kitabu kidogo cha alama, kwenye mfuko wa koti. Yule bibi wa mlangoni, ambaye namwamkia kwa jina lake na la baba yake kama heshima ya huku inavyotaka, naye huniita dochka, yaani binti yangu, aliinua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiifuma akaniuliza nimetoka wapi na uso umesawijika namna ile. Nikamjibu kwa furaha yote iliyokuwa imenijaa: "Ya sdavala ekzamen." Akaweka sindano zake chini, akanitazama kwa muda, kisha akasema taratibu: "Nichego, dochka. Peresdash." Usijali, binti yangu, utarudia. Akavuta mtoto wa meza, akatoa pirozhok, andazi dogo la kujazwa, la kabichi, lililofungwa kwenye karatasi, akanitia mkononi. Nilimshukuru, nikapanda ngazi, na nilikuwa nimefika ghorofa ya tatu nilipotambua kwamba nilikuwa nimemwambia nimeanguka.

Mnaonifuatilia tangu mwaka wa maandalizi mnakumbuka karatasi nilizobandika ukutani, za vitenzi vya Kirusi vinavyokwenda wawili wawili: pisat na napisat, chitat na prochitat, govorit na skazat, brat na vzyat. Tulifundishwa kwamba mmoja hutaja tendo likiendelea au likijirudia, na mwenzake hutaja tendo lililofika mwisho. Maelezo hayo ni sahihi, lakini mtu aliyekulia katika Kiswahili huyapokea kwa kipimo cha nyumbani, kwa sababu sisi tuna li na me na ki, na tunadhani tumekwisha kuelewa. Mimi nilikuwa nimechagua bilet yangu, ile karatasi ya maswali, mezani, nimejibu, nimetoka chumbani. Kwa hesabu yangu tendo lilikuwa limekwisha kabisa. Kirusi kilitaka kujua jambo jingine: je, kile nilichokiendea nimekipata? Sdavala husema kwamba nilikaa mbele ya mwalimu nikaulizwa. Sdala husema kwamba nimefaulu. Aliyefaulu akichagua neno la kwanza na kunyamaza hapo, msikilizaji humaliza habari mwenyewe, na huimaliza kwa huzuni. Hata ukikanusha, tofauti hiyo inabaki: ne sdavala ni sikuufanya mtihani, ne sdala ni niliufanya nikaanguka.

Usiku ule nilijaribu kukumbuka kama nyumbani tuna kitu kinachofanana na hicho, nikamkumbuka Babu pale Sahare, pwani ya Tanga. Alfajiri ngalawa zinaporudi, hakuna anayemuuliza mvuvi, "Umevua?" Kila mtu anajua kwamba ametoka kuvua, kwani nyavu zimelowa na macho yamekuwa mekundu. Huulizwa, "Umepata?" Warusi nao wana lovil kwa aliyekuwa akitega samaki, na poymal kwa aliyerudi nao. Kuvua na kupata ni vitenzi viwili ambavyo nimevitumia tangu utotoni bila kukosea hata mara moja, na laiti siku ile ningemwona Babu amesimama nyuma ya kile kiti cha mlangoni akiniuliza kama nimepata, ulimi usingeteleza.

Bibi huyu hufanya kazi kwa zamu, siku nzima usiku na mchana, kisha hupumzika siku tatu, kwa hiyo sikuweza kusahihisha neno langu Jumanne wala Jumatano. Nilikuwa nimekula pirozhok lote, na ladha ya kabichi ilinikaa kooni kama deni. Niliona kana kwamba nimemwibia mwanamke mzee huruma yake. Nilijisemea tena na tena, kwenye foleni ya jikoni, kwenye basi, chini ya blanketi: ya sdavala, nichego, peresdash, ya sdavala, nichego, peresdash.

Jana usiku, katika kurudiarudia huko, sikio langu liliacha kusikiliza neno langu likasikiliza lake. Angeweza kusema "budesh peresdavat", utakuwa unaufanya tena, maneno yasiyoahidi chochote. Hakusema hivyo. Alisema peresdash, na hilo ni lile neno la pili, la kupata: utaufanya tena, na safari hii utafaulu. Nami nilikuwa nimelitafsiri kichwani kuwa "utarudia", neno letu ambalo halisemi mwisho utakuwaje, nikaipunguza zawadi yake nusu nzima. Alimwona msichana mgeni, amesawijika kwa baridi, akaamini ameanguka, na papo hapo akamhesabia kufaulu. Niliketi kitandani nikiwa na machozi, na hayakuwa ya aibu.

Leo asubuhi nilimkuta kwenye zamu yake. Nilimwekea zachyotka mezani, nikamfunulia ukurasa, nikasema polepole ili silabi ile ya katikati isije ikajipenyeza tena: "Ya sdala." Alivaa miwani, akasoma, akasema "Sdala!" kwa sauti iliyowafanya vijana wawili waliokuwa wakitoka wageuke, akanikumbatia juu ya meza huku soksi na sindano zikianguka. Kisha akaniuliza mbona nilinyamaza siku ile. Nilipokuwa nikitoka akaniambia neno analoniambia kila siku kwa sababu ya barafu ya ngazini, "Ne upadi," usije ukaanguka.

Mchana nilimpigia Mama kumpa habari yote, naye akafurahi, akaniambia mtoto wa Da Zuhura analia kama honi ya meli. Nikamuuliza Babu anaendeleaje na kile kifua. Mama alisita kidogo, akasema, "Anaendelea." Nikangoja amalizie kwa neno vizuri, kama anavyomalizia siku zote, lakini akaniuliza kama nimekula.