Usimtume Mgeni Bila Barua

Tafakari ya wiki. Somo: Filemoni 1:8–22

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Simu inaita saa mbili usiku hapa Mwanza: "Tumeshashuka stendi ya Nyegezi, mko wapi?" Ni binamu na mkewe, watoto wawili, na paka ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Aliyewatuma ni kaka mkubwa, yuko Geita, na hakupiga simu. Aliwaambia tu, "Nendeni kwa dada yenu Buhongwa, ana nyumba kubwa." Nyumba kubwa yenyewe ni vyumba viwili na sebule.

Dada akikunja uso, anasomewa Waebrania 13:2, waliowakaribisha malaika bila kujua, halafu 1 Petro 4:9, tukaribishane bila kunung'unika. Ni maneno ya kweli. Ila angalia yanasema na nani: yanasema na mwenye nyumba. Hayampi mtu wa tatu ruhusa ya kugawa vitanda asivyovitandika yeye. Huyo wa tatu, anayetuma, ana barua yake nzima kwenye Biblia, na ina aya 25 tu.

Paulo anamrudisha Onesimo, mtumwa, kwa bwana wake Filemoni. Anasema wazi kwamba angeweza kuamuru, lakini amechagua kusihi. Kwenye aya ya 14 anaeleza sababu: hakutaka kufanya lolote bila shauri la Filemoni, ili wema wake usiwe wa kulazimishwa. Aya ya 18 na 19, kama kuna hasara au deni, anataka liandikwe kwake, atalipa. Na aya ya 22 anaomba atayarishiwe mahali pa kukaa yeye mwenyewe, akiwa bado kifungoni. Mfungwa alitoa taarifa mapema. Sisi wenye bando la wiki tunashindwa.

Tena, barua imemsalimu Afia, ambaye wafafanuzi wengi humwona kuwa mke wa Filemoni, kabla haijagusa ombi lolote. Kwetu kaka humwuliza kaka, wakamalizana, na mwenye kupika anapata habari akiwa jikoni.

Taarifa yenye adabu inafanana na hii: "Shikamoo dada. Naomba nikuulize wewe na shemeji. Mama mdogo ana kliniki hospitali ya Bugando Jumanne na Alhamisi. Atakuja na mjukuu wa miaka sita. Wangefika Jumatatu jioni na kuondoka Ijumaa asubuhi, usiku nne. Ngazi zinamsumbua. Kama haiwezekani niambie tu, nitawatafutia gesti." Kwa nyumba za mlimani, Mabatini au Igogo, hiyo sentensi ya ngazi inazidi zote. Na kwa safari za hospitali ongeza moja: vipimo vikichelewa, nani atalipia siku zitakazozidi? Usiku nne hugeuka kumi kwa sababu ya "majibu njoo keshokutwa", na hapo ndipo undugu huanza kuchacha.

Zamani ndugu wa Sengerema akifika bila taarifa alikuwa na udhuru wa kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, udhuru huo tumewaachia wa kisiwani Ukerewe.

Tupige hesabu bila aibu. Mtu mzima anakula karibu robo kilo ya unga kwa mlo mmoja. Ile familia ya Nyegezi, ikila ugali mchana na usiku, inamaliza kama kilo moja na nusu kwa siku, mboga hatujaitaja. Maji ya kuoga na ya choo, ukibana sana, ni ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu. Ndoo nne kila siku, na kama bomba halifiki juu, kuna kichwa cha mtu kinachozipandisha. Aliyetuma atume na hela kabla wageni hawajafika. "Tutaona" hainunui dagaa.

Vitanda ndiyo mtihani hasa. Watoto wa nyumbani hutolewa chumbani, wakatandikiwa sebuleni, na sebuleni hakuna pa kufunga chandarua. Kanda hii yetu ya malaria, hilo si jambo dogo. Funga kamba kwenye nondo za dirisha, upande wa pili piga msumari, pindo zote zichomekwe chini ya godoro. Mgeni mtu mzima asilazwe chumba kimoja na watoto, hata kama ni mjomba mwenye heshima zake. Heri yeye alale sebuleni. Na kama mgeni ni mkwe, fikiria choo. Nyumba yenye choo kimoja cha ndani inamtesa yeye kuliko inavyowatesa ninyi.

Sasa wanyama. Desemba ikikaribia, wenye mbwa wanakumbuka ndugu. Mbwa akiletwa, aje na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo haijapitwa na wakati, mnyororo, sufuria yake na chakula cha siku zote. Mwenyeji asimpe makombo ya pilau: vitunguu ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kadi ipo. Kwenye ukoo wenye Wakristo na Waislamu, kama zilivyo koo nyingi hapa Mwanza, mbwa akilamba chombo cha shangazi amempa kazi ya kukiosha mara saba. Kuuliza kabla kunampunguzia shangazi kazi hiyo.

Viroboto hawaagi pamoja na mbwa. Mayai yao hudondoka kwenye zulia na makochi, na wakiwa ndani ya vifuko vyao wanaweza kungoja wiki kadhaa kabla ya kutoka. Ndiyo maana nyumba inawasha Januari wakati mbwa ameshaondoka. Hiyo ni aya ya 18: mwenye mbwa alipie dawa, na kandambili zilizotafunwa pia.

Wengine watasema dawa ni methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Imekaa vizuri penye shamba. Chumba na sebule Igoma, jembe utalilimia wapi?

Afadhali jibu la mwenyeji litoke mapema, na alitoe yule mwenye damu na mwombaji. Ndugu wa mume wajibiwe na mume, wa mke wajibiwe na mke, maana "hapana" ya shemeji hukumbukwa miaka. Lisitungiwe ugonjwa wala msiba. "Kaka, tumekaa na mwenzangu, usiku nne hatutaweza. Tunaweza usiku wa Jumatatu, na chakula cha mchana siku za kliniki. Paka abaki huko." Kisha simu iwekwe chini, bila kuongeza maelezo ya pili.