Juno-106: sauti ya nne imekubali, sasa niuze kipi?

Imekubali! Sauti ya nne ya Juno-106, kinanda changu cha umeme cha Roland chenye sauti sita (kila noti unayobonyeza inapigwa na mojawapo), imetulia, na naandika upesi kabla haijaghairi. Wenye nazo mnajua kipimo chake: unashikilia kitufe cha KEY TRANSPOSE huku unawasha, kisha kila noti unayobonyeza inakuonyesha namba ya sauti kwenye kioo. Moja, mbili, tatu, safi. Ikifika ya nne, utadhani mtu anakaanga dagaa nyuma ya spika.

Mgonjwa ni yule yule wa siku zote, chipu ya 80017A. Ziko sita, kila moja imebeba filta (kichuja mlio) na kipaza cha sauti yake, na zote zilifunikwa kwa gamba jeusi ambalo likizeeka linaanza kupitisha umeme pasipotakiwa. Kinanda ni cha 1984, msilishangae. Dawa yake ni asitoni, lakini si ile ya kufutia rangi ya kucha, maana nyingi zimeshachanganywa na mambo mengine. Safi nimeipata kwa mafundi wa boti za faiba huku Kirumba, Mwanza, wao wanasafishia brashi. Chipu inalala kwenye kichupa cha kioo mpaka gamba lilegee, halafu unalimenya taratibu kwa kijiti cha meno.

Nikamenya, nikarudisha. Dagaa bado wanakaangwa.

Hapo nikaanza kuiota usiku. Volti zinazoingia ni sawa na za jirani zake. Nikaweka soketi, nikahamishia chipu ile kwenye nafasi ya pili: kelele ikahamia ya pili. Basi bodi haina kosa, ni chipu yenyewe. Kila niliyemuuliza aliniambia nitupe niagize mpya, kwa sababu siku hizi nakala zake zinatengenezwa. Sawa, ila ukijumlisha usafiri na kusubiri, roho ilikataa. Nikaiangalia kwa kamera ya simu, nikavuta picha mpaka mwisho: kati ya miguu miwili kumebaki uzi wa gamba, mwembamba kuliko unywele. Asitoni tena, mswaki laini, spiriti, ikakauka vizuri. Kimya. Nimecheza ile noti peke yake mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa anayetaka kujaribu: msitumie chuma cha kulehemu kisicho na kidhibiti joto. Kinang'oa njia za shaba kwenye bodi, na hapo utajuta kweli. Ule utambi wa kunyonyea risasi wa bei poa nao ni hasira tupu. Nunua pampu.

Sasa shughuli. Kuna kaka mmoja ana studio Dar, tangu asikie nina Juno simu haipoi. "Fundi, taja bei, napanda basi." Mama naye ananiambia, "Uza, mwanangu. Vinanda viwili, mikono yako mingapi?" DX7, kinanda changu cha pili, cha Yamaha, hakuna anayeiulizia, wakati ndiyo nzima: tangu ifike kwenye kontena la mitumba kutoka Japani haijawahi kunisumbua, ukiacha transfoma ya kushusha umeme wa volti 230 uwe 100.

Mimi naona kinyume chao. Juno inaumwa, lakini naijua inakoumwa na vipuri vyake vipo. DX7 ndani ni chipu za Yamaha zenyewe. Siku zikifa, utachomoa kwenye DX7 nyingine. Kitu cha namna hiyo kinauzwa kikiwa kizima. Tena sauti zake, yaani milio iliyohifadhiwa ndani, ni namba tupu: zote 32 ni baiti 4,104, na Dexed, programu ya bure, inazisoma kama zilivyo. Na akiipeleka Dar asije akanilaumu, chumvi ya bahari ni yake. Huku ziwani maji hayana chumvi, adui yetu ni wale wadudu wanaofuata taa usiku, wanaingia mpaka kwenye slaida, vile vitelezi vya kurekebishia mlio.

Nilipanga leo nisafishe slaida hizo na kubadilisha betri ya DX7, ile inayotunza sauti zake. Nikasema kwanza nihamishie sauti kwenye kompyuta. Ule waya mwembamba wa MIDI (njia ya vinanda kuwasiliana) kwenda USB unapitisha noti vizuri, ukifika kwenye mzigo wa sauti unaukata katikati. Msinunue! Nimeazima kifaa cha maana, zikaingia zote. Basi kwa kuwa nyaya ziko mezani, nikachomeka DX7 iendeshe Juno. Jamani. Mlio wa kengele wa DX7 juu ya mlio wa nyuzi wa Juno! Ukigonga kwa nguvu kengele inaruka, nyuzi hazitikisiki, maana Juno haisikii nguvu ya kidole. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Slaida sijazigusa. Kaka wa Dar nimemwambia Juno haiuzwi, kama anataka DX7 tuongee. Amekubali, anataka bei. Bado sijamjibu.