Shibiri kumi na moja

Dalhousie, Sri Lanka. Jioni, mwezi wa Februari.

Magoti yamegoma. Nimekaa kitandani, nimeyakanda kwa taulo la maji ya moto, na naandika sasa hivi kabla usingizi haujanichukua, kwa kuwa najijua: nikilala, nusu ya haya itakuwa imepotea.

Nilipokuwa mdogo bibi alikuwa akitusimulia kwamba Nabii Adamu aliposhushwa kutoka peponi, mguu wake ulikanyaga mlima wa Sarandibu. Tulikuwa tukimuuliza ni wapi huko, naye anasema, "Ng'ambo." Basi. Sarandibu ikabaki akilini mwangu kama mahali pa hadithini, hadi nilipokuwa mtu mzima nikajua kwamba ni kisiwa hiki hiki, na mlima upo, una urefu wa mita 2,243 na watu wanaupanda usiku kucha.

Huko kileleni kuna unyayo. Wabudha, ambao ndio wengi nchini, wanasema ni wa Budha, na mlima wanauita Sri Pada. Wahindu wanasema ni wa Shiva. Waislamu, na baadhi ya Wakristo pia, wanasema ni wa Adamu. Jiwe ni moja.

Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja kuupanda mlima huu mwaka 1344. Ameandika kwamba kulikuwa na njia mbili, njia ya Baba na njia ya Mama, yaani Adamu na Hawa. Ya Mama ilikuwa nyepesi, na aliyeipanda hiyo walimhesabu kwamba hakuzuru kitu. Ya Baba ilikuwa na minyororo ya chuma ya kushikilia, na mnyororo wa kumi ukiitwa wa shahada: mtu akifika pale akatazama chini, hofu inamwingia, anaitamka shahada asije akaanguka kabla ya kuisema. Sentensi hiyo niliisoma miaka mingi iliyopita na haikunitoka. Ndiyo iliyonileta.

Lakini nilikuja na hofu nyingine, na sitaki kuificha. Nchi hii ina majeraha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka 26 viliisha mwaka 2009. Kisha Pasaka ya mwaka 2019 makanisa na hoteli vililipuliwa, wakafa watu zaidi ya 250, na waliofanya hivyo walilitaja jina la dini yangu. Wiki chache baadaye maduka na misikiti ya Waislamu wasiohusika ikavamiwa. Kwa hiyo kwenye treni ya kutoka Kandy hadi Hatton, mashamba ya chai yakipita dirishani, mimi nilikuwa nawaza mtandio wangu. Niuvue? Niuvae kama skafu tu shingoni? Niliuacha kichwani, ila mkono haukutulia, kila mara naurekebisha.

Nilianza kupanda saa nane usiku. Ngazi ni zaidi ya 5,000, na msimu wa hija, kuanzia mwezi mpevu wa Desemba hadi ule wa Mei, njia nzima inawashwa taa. Mwanzoni ni ngazi pana, unazungumza na kupumua. Baadaye zinasimama wima kama ngazi ya kupandia dari. Wanaoshuka wanaimba kuwaombea wanaopanda, na wanaopanda wanaitikia. Vibanda vingine vinagawa chai bure. Wanaviita dansala, na anayekupa kikombe anakushukuru wewe kwa kukipokea.

Kwenye mojawapo ya vibanda hivyo ndipo nilipomkuta bibi mmoja, peku, amevaa nguo nyeupe, na mjukuu wake wa kiume anayejua Kiingereza kidogo. Kila aliyepita alimwita amma, mama. Kijana akaniita akka, dada mkubwa. Akanieleza kwamba amma na akka ni maneno ya Kisinhala na ya Kitamil vilevile, lugha mbili ambazo wenyewe wamepigana. Tukapanda pamoja. Hakuna aliyepanga, ila amma alikuwa ameushika mkono wangu na hakuuachia.

Katikati ya njia pana mahali panaitwa Indikatupana. Wabudha wanasimulia kwamba Budha alisimama hapo kushona joho lake, kwa hiyo mahujaji wanachomeka sindano na kuvuta uzi. Nyuzi nyeupe zimejazana pale mpaka zinafanana na utando wa buibui uliolowa umande. Macho ya amma hayaoni tundu la sindano tena. Akanipa mimi. Nikalamba ncha ya uzi, nikautunga kwenye mwanga wa taa, nikamrudishia, kisha nikashika kibiringo yeye akivuta. Dua aliyoisoma ilikuwa yake. Mimi nilikaa kimya, na moyoni nikasoma niliyoijua. Wala hakuniomba nisome yake. Nimeliwaza hili mchana kutwa: sikuhitaji kujifanya kwamba tunaamini kitu kimoja ili nimshikie uzi.

Juu kulikuwa na baridi ya kuuma. Viatu vinavuliwa, na sakafu ni kama barafu. Unyayo wenyewe hauonekani, umefunikwa ndani ya hekalu dogo. Ibn Battuta ameandika kwamba una shibiri kumi na moja. Nikiwa kwenye foleni nilizipima ukutani kwa kiganja changu, nikaishia juu ya kichwa changu, na amma akanitazama akadhani ni ibada ya kwetu, akangoja kwa heshima nimalize.

Upepo ukaja. Mtandio ukapeperuka ukaanguka mabegani, na kabla sijaushika, vidole vya amma vilikuwa vimeshaufikia. Akaupandisha, akaufunga kidevuni, akaukaza masikioni jinsi wanavyofungwa watoto, akasema neno. Mjukuu akatafsiri: "Masikio, akka. Utaugua."

Jua likachomoza. Watu wakasema sadhu, sadhu, neno la Wabudha la kuitikia jambo jema, na upande wa pili kivuli cha mlima kikalala juu ya ukungu, pembetatu iliyonyooka kama imepigwa rula.

Pale juu kuna kengele. Unaipiga mara moja kwa kila safari uliyowahi kupanda. Amma aliipiga mara tisa, mjukuu akihesabu kwa vidole. Kisha akanitilia kamba mkononi. Nikasita. Kijana akasema, "Si kusali, akka. Ni kuhesabu."

Nikavuta mara moja. Amma alisubiri hadi mlio ukaisha kabisa, ndipo tukaanza kushuka.