Seva iliyoamka mwaka 2012

Jana umeme ulikatika saa nane usiku. UPS yetu, ile betri ya akiba, haifiki hata nusu saa, basi seva ya barua pepe ya hoteli ikazimika, na umeme uliporudi alfajiri ikajiwasha yenyewe. Mimi nimelala zangu, sina habari.

Saa tatu Bi Mkubwa wa hoteli akanipigia. Sijamaliza hata shikamoo: "Mwanangu, tangu asubuhi napeleka barua, haiendi hata moja. Na yule wakala wa Ujerumani anataka jibu la vyumba vinne leo hii hii."

Hoteli yenyewe ina vyumba tisa, iko uchochoroni Shangani, Unguja. Seva ni kompyuta kuukuu iliyowekwa chini ya ngazi, ubavuni mwa madumu ya maji. Ruta ilikuwa imewaka bila intaneti. Nikaizima, nikaiwasha, ikarudi. Hilo dogo.

Kilichonitoa jasho ni logi, faili ambamo seva huandika kila inachofanya. Kusoma logi kwetu ni kazi: Bi Mkubwa anasema saa tatu, simu yake inaonyesha tisa, na seva inaandika sita, kwa kuwa niliiacha kwenye saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Nimezoea kupiga hesabu hiyo kichwani. Lakini nilipotafuta tarehe ya leo sikupata hata mstari mmoja. Nikajua diski imejaa, maana diski ikijaa seva hunyamaza hivyo hivyo. Kutazama, nafasi tele. Nikashuka mwisho wa faili: mistari kibao, yote Januari mosi. Nikaiuliza kompyuta tarehe, ikanijibu bila haya, 2012.

Kumbe betri ya ubao wa ndani ya kompyuta imekufa, ile ndogo mviringo inayoshika saa umeme unapokuwa haupo. Miaka yote umeme ukikatika betri ilikuwa ikitusitiri, wala sikuwahi kuifikiria.

Nikairekebisha saa kwa mkono, nikaiamuru foleni isukume barua zote. Kumi na moja zikaenda. Ya kumi na mbili, ya Mjerumani, ikarudi palepale.

"Kaikataa barua yangu?" Bi Mkubwa kanisimamia mgongoni, miwani puani.

Hakuikataa. Seva ya yule wakala ina tabia ya kumzuia mtumaji isiyemjua mara ya kwanza: inatoa namba 450, yaani rudi baadaye. Seva yenye adabu husubiri dakika chache ikabisha hodi tena, na kawaida hufunguliwa. Ila Postfix, programu inayopeleka barua kwenye seva yetu, isipoambiwa vingine, hukaa na barua siku tano tu, ikishindwa kuifikisha huirudisha kwa mwenyewe. Na barua hii iliingia kwenye foleni saa ya kompyuta ikisema 2012. Mimi nilipoisogeza saa, barua ya asubuhi ile ikawa na umri wa miaka chungu nzima. Ilipoambiwa rudi baadaye, Postfix ikaona siku zake zimekwisha zamani. Ningeiondoa kwanza ile foleni pembeni kabla ya kugusa saa, aibu hii isingenipata. Mkono wangu mwenyewe.

Bi Mkubwa akaiandika upya. Safari hii ikazuiwa, ikasubiri, baada ya dakika kumi hivi ikapokelewa. Maelezo yangu ya miaka na foleni aliyasikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama nimekunywa chai.

Mchana nikaenda Darajani kwa fundi saa, nikamwonyesha ile betri, CR2032. Akaigeuza chini ya kioo chake. "Saa gani hii?" Nikamwambia ya kompyuta. Akanitolea mpya, akaipima mbele yangu: volti tatu na kidogo.

Nimeiweka, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikahesabu dakika tano huku mbu wa chini ya ngazi wakinila miguu. Ilipowaka, tarehe ilikuwa ya leo. Mjerumani naye kajibu jioni: kachukua vyumba vitatu.