Nilivyojifunza kusoma tafiti za figo kabla ya kukubali kubadilishiwa matibabu

Damu yangu husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kila kipindi huchukua takribani saa nne. Daktari aliponigusia hemodiafiltresheni, alinieleza kwamba katika njia hiyo maji mengi huvutwa kutoka kwenye damu kupitia utando wa chujio ili yaondoke pamoja na taka zenye molekuli kubwa, ambazo usafishaji wa kawaida huziondoa kwa shida, kisha mgonjwa hurudishiwa maji safi ya kufidia. Alisema utafiti umeonyesha kuwa inaokoa maisha. Nilimwomba nakala ya utafiti huo, nikaamua kuutumia muda wa kitini kuusoma.

Utafiti wenyewe ni CONVINCE, uliochapishwa mwaka 2023, uliowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,360 wa nchi 8 za Ulaya. Muhtasari wake unataja hatari ya kifo iliyopungua kwa asilimia 23. Niliiacha namba hiyo kwanza nikatafuta vifo vyenyewe: walifariki 118 kati ya 683 waliopewa hemodiafiltresheni, na 148 kati ya 677 waliobaki kwenye usafishaji wa kawaida. Kwa lugha ya mgonjwa, katika kila watu 100 waliofuatiliwa kwa muda wa miezi 30 hivi, waliokufa walipungua kwa takribani 5. Si jambo dogo hata kidogo, lakini si picha ile inayomjia mtu kichwani anaposikia asilimia 23.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni ile ambayo wasomaji wengi huiruka, inayoeleza ni nani aliyekubaliwa kushiriki. Walichukuliwa wale tu waliotarajiwa kufikisha angalau lita 23 za maji yanayovutwa katika kila kipindi, na kiwango hicho hakifikiki bila damu kutoka mwilini kwa kasi nzuri, jambo linalotegemea hali ya mshipa. Utafiti wa awali uitwao CONTRAST, wa mwaka 2012, wenye wagonjwa 714, haukuona tofauti ya vifo kati ya makundi mawili, ingawa waliovutwa maji mengi zaidi walionekana kuishi zaidi. Hapo ndipo nilipokuwa mwangalifu, kwa kuwa mtu mwenye mishipa imara huenda angeishi zaidi kwa mashine yoyote ile.

Jicho hilohilo nililipeleka kwenye upandikizaji, maana nimo kwenye orodha ya kusubiri figo. Utafiti mashuhuri wa Marekani wa mwaka 1999 haukuwalinganisha waliopandikizwa na wagonjwa wote wa mashine, ambao wengi wao ni dhaifu mno kufanyiwa upasuaji, bali na wenzao waliokuwa bado kwenye orodha. Ulionyesha kwamba katika wiki 2 za kwanza hatari ya kifo kwa aliyepandikizwa ilikuwa mara 2.8 ya yule anayesubiri, ila baadaye ilishuka hadi kuwa chini kwa asilimia 68. Binafsi nauamini zaidi utafiti unaoniambia na ubaya wa mwanzoni.

Nilirudi kwa daktari na swali moja tu, nimeliandika kwenye karatasi: je, fistula yangu, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili damu itoke kwa kasi kwenda kwenye mashine, inaweza kuwezesha lita 23? Hakukerwa, alivuta kiti akafungua kumbukumbu za mashine pamoja na muuguzi, wakakuta kasi ya damu yangu iko chini ya inayohitajika. Kipimo cha mawimbi ya sauti kikaonyesha mahali mshipa ulipokuwa umebana, nao ukapanuliwa kwa puto. Kasi imepanda, na tumekubaliana kuijaribu hemodiafiltresheni huku lita zinazofikiwa zikiandikwa kila kipindi. Zikishindwa kukaribia 23, nitaendelea na usafishaji wa kawaida hadi figo ipatikane.