Mikono ya mpwa wangu imekubali kubaki karibu na kifua

Hatimaye! Jana jioni mpwa wangu, ninayemfundisha kupiga mpira wa besiboli kwa gongo, aliituma mipira mfululizo upande wa kulia, ule unaowasumbua wapigaji wa mkono wa kulia, na hakuna hata mmoja ulioangukia bati za jirani.

Miguu tulishamaliza, na kiuno kinafunguka kabla ya mabega, kwa hiyo sirudii hayo. Kilichonitoa jasho kiangazi chote ni mikono. Kiuno kikianza tu kugeuka, mikono inakimbia mbele na kuacha kifua, kiwiko cha mbele kinanyooka kabla ya wakati, na kichwa cha gongo kinachora duara kubwa. Uzito ukiwa mbali na mwili huzunguka kwa uvivu, hiyo ni fizikia, haina ubishi. Basi mpira wa nje anaugusa kwa ncha, na wa ndani unamkuta kwenye mpini. Hapo gongo linatetemeka hadi viganjani, analitupa chini, anapuliza vidole. "Mjomba, leo basi."

Mazoea hayo yametoka wapi? Mtazame akikata majani uani kwa kupekupe, yaani panga la kufyekea: mikono imenyooka, duara pana, kulia kushoto. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, anarudia somo lile lile asubuhi nzima. Mwili umeshika mwendo huo kabla hajajua besiboli ni nini.

Zoezi la ukuta, linalosifiwa na kila kocha, limeshindwa kabisa kwetu. Unasimama umbali wa gongo moja kutoka ukutani na kuzungusha bila kuukwaruza. Mbele ya ukuta anafanya vizuri ajabu. Mtoe pale, mrushie mpira, duara limerudi. Ukuta umebaki na michirizi, na yaya, yaani dada yangu, mama yake, ameshanieleza anavyoiona. Taulo chini ya kwapa nayo ilimkaza mabega akawa anageuka kama mtu aliyefungwa kamba.

Nikisema "kiwiko ndani", anakiwaza kiwiko na kuusahau mpira. Nitamlaumu vipi? Kwenye ligi kuu ya Marekani, mpira wa kilomita 145 kwa saa, ukirushwa kutoka mita 18.44, humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Mimi namrushia taratibu kutoka mita 14, umbali wa watoto wa Little League, na bado hapana nafasi ya kukumbuka viungo vya mwili kimoja kimoja. Watafiti wa mwendo, Gabriele Wulf akiwa mmoja wao, wamelionyesha hili mara nyingi: mtu hujifunza haraka zaidi mawazo yake yakiwa kwenye kitu kilicho nje ya mwili wake.

Nikaacha kabisa kutaja viwiko. Nikasogeza kisimamo cha mpira, kile kijiti kinachoushikilia mpira ukiwa umetulia, nyuma kidogo kuliko kawaida, nikamwonyesha mwembe ulio kulia kwa mbali. "Piga mwembe ule." Basi. Mpira ukiwa nyuma namna ile, mwenye duara kubwa hawezi kuupeleka kulia. Kichwa cha gongo kinauzunguka na kuuvuta kushoto. Njia inayobaki ni mikono itangulie karibu na kifua, gongo lifuate. Hakuambiwa. Mwili ulijitafutia wenyewe, na alipohamia kwenye mipira ya kurushwa, haukusahau.

Ushahidi ninao kwenye simu. Kwa picha 240 kwa sekunde, simu ikiwa juu ya ukuta inatazama chini, unaona ngumi zinapita mbele ya kifua, kitako cha gongo kimeelekea mpira, na kichwa cha gongo bado kiko nyuma ya bega. Ukipiga video kutoka ubavuni huoni kitu, usipoteze betri yako.

Kuhusu magongo: la aluminiamu tulilonalo limeletwa kutoka Afrika Kusini, zuri, lakini linadanganya. Hata mpira uliogongwa vibaya unaruka. Fundi seremala wa Katuba, Lubumbashi, alituchongea fupi la mkaratusi, na hilo halimbembelezi mtu. Ukipiga kwa mpini, utajua. Mazoezini natumia la mbao tu. Ugomvi wa kupiga kuelekea chini au juu siuingii sana. Ted Williams, mpigaji mashuhuri wa zamani wa Marekani aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406 (yaani alipiga salama kama mara nne katika kila kumi), alitaka gongo lipande kidogo kwa sababu mpira unakuja ukishuka. Mimi niko upande wake.

Mpango ulikuwa sasa nijenge kizimba cha nyavu. Mabomba yameshanunuliwa, yamelala nyuma ya nyumba, na yataendelea kulala, maana nimeona watoto wa Jamhuri ya Dominika wakicheza vitilla: mti wa ufagio, na kifuniko cha chupa kubwa ya maji kinachorushwa badala ya mpira. Kile kifuniko kinapinda na kuzama hewani, na ufagio ni mwembamba. Duara kubwa halikifikii. Halafu hakivunji kioo cha mtu.

Ufagio tunao. Vifuniko ndiyo shida. Vya bidoni za njano, yale madumu ya maji, ni vidogo, haviruki vizuri. Aliye na ofisi hapa mjini yenye zile chupa za lita 20, tafadhali asivitupe, nitapita kuvichukua.